Tembo Anadaiwa

Barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na hadi Zambia inapoingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kuna bango la bei. Si bei za soda. Ni bei za wanyama: ukimgonga huyu utatozwa kiasi hiki, ukimgonga yule kiasi kile, na zote ni kwa dola za Kimarekani, utadhani dereva wa lori la mbao kutoka Mafinga hutembea nazo kwenye soksi. Twiga dola 15,000. Tembo vilevile. Simba, ambaye kwa ajili yake sote tuliamka usiku wa manane, dola 4,900 tu. Maana yake kwa twiga mmoja unapata simba watatu na chenji inabaki. Nilipata nafasi ya kulitafakari bango lile kwa kituo kwa sababu Costa yetu ilikuwa imesimama nyuma ya Costa nyingine, nayo nyuma ya nyingine, zote zimejaa watu waliovaa fulana zinazofanana.

Na sisi tulikuwa na fulana. Hilo lilikuwa wazo la shemeji, mdogo wake mke wangu. Kila ukoo unaye mtu wa namna hii: hana gari, hana haraka ya kuoa, lakini ndiye mwenye kundi la WhatsApp na ndiye mweka hazina wake. Fulana zilikuwa za rangi ya udongo. Kifuani zimeandikwa "Ukoo Mbugani", mgongoni pana simba aliyeokotwa intaneti, na niseme mapema kabisa kwamba huyo wa mgongoni ndiye simba niliyemwona vizuri kuliko wote siku ile. Rangi ya udongo ilichaguliwa ili wanyama wasishtuke. Koo nyingine nazo zilikuwa zimewaza hivyohivyo, matokeo yake kitinda mimba wangu alipanda gari lisilo letu, akapewa juisi na kipande cha keki, na tulipokwenda kumdai akatutazama kama hatujui.

Hoja ya kwenda mwezi wa saba ilikuwa na akili, sikatai. Masika yameisha, majani yamekauka na kulala, maji yamebaki mahali pachache na wanyama wanalazimika kuyafuata. Barabara za ndani hazina tope. Watoto wapo likizo na Sabasaba ni sikukuu. Mke wangu akamalizia kwa kusema kwamba badala ya kwenda kwenye viwanja vya maonyesho Barabara ya Kilwa tukakanyagwe miguu, ni heri twende porini tukapumue. Tatizo la hoja yenye akili ni kwamba na wenzako wanazo akili. Mikumi haifiki kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, ni lami mwanzo mwisho, kwa hiyo ndiyo hifadhi ya mtu ambaye Serengeti anaiona kwenye kalenda. Imekuwepo tangu mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230, eneo la kutosha kila mkazi wa Tabata kupata kichaka chake. Lakini siku ya sikukuu hakuna anayetaka kichaka chake. Kilomita 3,228 zinaachiwa wanyama, na watu wote wanabanana kwenye mbili zilizobaki, pale inaposemekana simba yupo.

Miguu nilikanyagwa, tena na watu wa mtaani kwangu.

Mama mkwe tulimchukua njiani. Ana shamba upande wa Doma, baada ya Morogoro na kabla ya hifadhi. Ni mahindi na bustani ya nyanya, na kazi yote ya jembe anaifanya mwenyewe. Alipanda Costa akiwa amevaa kitenge chake kipya na kilemba, akaikataa fulana kwa adabu ("hiyo nitavalia shambani"), akaketi. Siti pekee iliyokuwa wazi ilikuwa ubavuni kwake. Mtu mwenye malezi haketi akigusana bega na mama mkwe wake kilomita zote zile za matuta, kwa hiyo nilikwenda kukaa kwenye siti ya kukunja, ile ya katikati, isiyo na mgongo, ambayo dereva akikanyaga breki inajikunja na wewe ukiwemo. Mimi ndiye niliyelipia zaidi ya nusu ya Costa ile. Nalitaja tu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Barabara kuu hukatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50 kabla hujafika mji wa Mikumi, na wanyama hawajui wapi panalipiwa na wapi hapalipiwi. Hatujaenda mbali tangu tulipoingia eneo la hifadhi, tukaona pundamilia. Mbele kidogo swala pala, kundi zima, wanachezesha mikia. Kisha twiga watano, wamesimama kando ya lami kwa utulivu wa maaskari wa gwaride, na mmoja akavuka mbele ya basi lililotoka Mbeya. Abiria wa basi lile hawakuwa na fulana za ukoo. Walikuwa wametoka kununua mayai ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma, wakawa wanatafuna na kutazama. Mmoja alifungua dirisha, akamtazama twiga, akatema ganda la yai, akafunga dirisha. Kwa nauli ya basi! Hakuamka usiku kwa ajili hiyo, na wala hakuchangishwa na shemeji yeyote.

"Baba," binti yangu mkubwa akasema, "si tumeshawaona? Tunaweza kurudi."

Nilimwambia hawa ni wa njiani, wa ndani ndio wenyewe. Akaniuliza tofauti yao ni nini. Shemeji akaongeza sauti ya muziki.

Getini kulikuwa na watu kama stendi ya Msamvu mkesha wa Krismasi. Kwa Mtanzania kiingilio si pesa ya kumlaza mtu njaa. Ni maelfu machache ya shilingi. Wageni kutoka ng'ambo ndio wanaolipa kwa dola. Mtoto analipa pungufu ya mtu mzima, na aliye chini ya miaka 5 hupita bure. Kanuni nzuri, ya kibinadamu, na hapo ndipo niliposhuhudia jinsi taifa zima linavyoweza kurudi utotoni kwa muda wa saa moja. Mzee aliyekuwa mbele yangu alikuwa na kijana mwenye ndevu za kidevuni, akasema ana miaka 14. Kijana akaulizwa kama ni kweli, akaitikia "ndiyo" kwa sauti ya besi iliyomfanya mtunza geti ainue kichwa. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto miguu ikiburura chini, anasema hajatimiza 5, na mtoto anamsahihisha: "Mama, mimi nipo la pili." Watu wakaangalia pembeni kwa heshima. Kila mmoja alikuwa na wake wa kumtetea.

Ikafika zamu yetu. Mama mkwe akashuka, akatengeneza kitenge, akasogea mpaka dirishani.

"Shikamoo, bibi," akasema binti wa ndani.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimeshalipa."

"Umelipia wapi, bibi? Kwa simu?"

"Shambani."

Binti yule hakuelewa. Mama mkwe akamweleza, taratibu, kwamba tangu mwaka juzi amelipa mahindi, amelipa maboga, na msimu uliopita alilipa hata ndizi zilizokuwa uani, mita chache kutoka dirisha la chumba anacholala. Akasema haji kutazama wanyama, anakuja kutazama mali yake imenenepesha nani. Nyuma yetu honi zikaanza, ingawa kupiga honi mle hakuruhusiwi. Mke wangu akanipiga jicho, nikalipa. Kuanzia hapo nikawa nimemlipia tembo mara mbili: mara moja kwa mahindi ya ukweni, mara ya pili kwa pesa za kutoka kwenye simu yangu, na makato juu.

Mle ndani sitasimulia vumbi. Kila mtu alirudi na rangi ya fulana yake, na hiyo inatosha.

Simba alipatikana hivi. Dereva wa gari moja alimnong'oneza dereva wa gari jingine, na kwa kuwa kila gari lilikuwa na shemeji mwenye simu, baada ya dakika chache kijibarabara kile chembamba kilikuwa Ubungo saa kumi na mbili jioni. Magari mbele, magari nyuma, mengine yanajaribu kupenya. Watu wametoka kwenye mapaa nusu mwili, vichwa vinaziba vichwa. Mwongozaji tuliyepanda naye getini, kijana mpole mwenye kofia, akasema kwa sauti ya chini, "Yupo pale, chini ya ule mti."

"Mti upi?"

"Ule wenye matawi."

Nilitazama miti yenye matawi mpaka macho yakatoa machozi. Mke wangu alisema amemwona. Mama mmoja wa gari jirani alisema ni wawili. Shemeji alipiga picha 40, tukazikuza baadaye usiku kwenye simu, na katika moja kuna kitu cha hudhurungi ambacho ama ni sikio la simba ama ni jani la mwaka jana. Ukoo umegawanyika juu ya jambo hilo hadi leo. Kwenye gari la nyuma yetu kulikuwa na dada aliyevaa viatu vya kisigino kirefu na kofia pana ya ufukweni. Alipiga picha za kujianika huku amempa simba mgongo, akajitazama kwenye simu, akaridhika, akamwambia dereva waondoke. Huyo alikuwa mtalii pekee siku ile aliyepata kila alichokifuata.

Kitinda mimba wangu naye alipata chake. Tulipokuwa tunarudi nyuma kutafuta pa kugeuzia, akapiga kelele iliyotufanya wote turukie dirisha la kulia. "Baba! Grida!" Kando ya barabara lilikuwa limeegeshwa tinga la kuchonga barabara, la njano, limelala juani. Akaomba tusimame. Akaomba apigwe picha nalo. Akauliza linakula nini. Nimetumia pesa nyingi kumtoa mtoto Dar es Salaam, mji unaochimbwa barabara kila kona, nikampeleka kilomita zote zile akatazame grida.

Chakula tulikula karibu na bwawa la viboko, mahali unaporuhusiwa kushuka garini. Kuhusu nyani: alikuja, akachukua, akaondoka. Kila aliyewahi kwenda Mikumi ana nyani wake na wa kwangu hakuwa na upekee wowote. Viboko walikuwa wengi, na kazi yao ni moja: anaibua pua, anapumua kwa nguvu, anazama. Baada ya muda mrefu anaibua pua tena. Mke wangu aliwatazama, akanitazama mimi, akawatazama tena. Hakusema neno, lakini dada zake walicheka.

Tembo tulimkuta tukiwa tumeshakata tamaa na tunaelekea kutoka. Kwanza lilikuwa kundi la majike na watoto, mbali, likivuka uwanda wa mto Mkata. Halafu, karibu kabisa na barabara, dume moja peke yake, pembe yake ya kushoto imekatika nusu. Dereva akazima injini. Kwa bahati hapakuwa na gari jingine, maana wote walikuwa bado wanatazama matawi. Dume lilikuwa linang'oa majani, linayapigapiga gotini kukung'uta udongo, linatia mdomoni. Lilikuwa na utaratibu wa mtu mwenye nafasi.

Mwongozaji alianza mafunzo yake. Akasema tembo mkubwa anaweza kula zaidi ya kilo 100 kwa siku.

"Najua," akasema mama mkwe kutoka kwenye siti yake. "Na zinakotoka najua."

Kijana akatabasamu, akaendelea: tembo wana kumbukumbu kali, wanazikumbuka njia na sehemu zenye chakula miaka mingi.

"Hilo nalo najua. Anakuja mahindi yakishakomaa. Hajawahi kukosea hata wiki."

Hapo ndipo darasa lilipohamia kwa mama mkwe. Akatueleza, watoto na watu wazima, jinsi wanavyolala kibandani shambani wakipokezana kupiga madebe, mpaka tembo wakayazoea madebe. Wakafundishwa kufunga kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili ya kusagwa. Hiyo inasaidia, kwa sababu tembo hapendi pilipili puani, ila mvua ikinyesha unaanza upya na pilipili ni pesa. Jirani yake akatundika mizinga kwenye waya kuzunguka shamba, kwani tembo akisikia nyuki anageuza njia. Jirani anavuna asali na mahindi, na tangu hapo amekuwa na maringo. Akatueleza utaratibu wa kifuta jasho kwa aliyeliwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, umbali wa shamba kutoka mpakani, hesabu ya ekari, nani anakuja kupima. Anaujua kwa vifungu. Mwongozaji alikuwa amevua kofia. Watoto wangu, ambao tangu asubuhi walikuwa wanauliza tunarudi saa ngapi, walikuwa kimya wameachama. Binti mkubwa aliuliza, "Bibi, na wewe ulimwona? Usiku?" Bibi akasema hakumwona tembo, aliona nyota zikizimika upande mmoja, ndipo akajua kuna kitu kimesimama mbele yake.

Kisha akanyanyuka. Akainama dirishani, akamkazia macho yule dume mwenye pembe nusu.

"Huyu ndiye."

"Mama, hatuwezi kuwa na hakika," mke wangu akasema.

"Pembe hiyo iliingia jikoni kwangu. Nitashindwa kuifahamu?" Akapaza sauti. "Wewe! Magunia yangu!"

Dume likatandaza masikio. Dereva akashika ufunguo. Mimi nilikuwa kwenye siti ya kukunja, na kwa mara ya kwanza nikaona faida yake: iko mbali na dirisha.

"Bibi, samahani," mwongozaji akanong'ona kwa heshima zote, "hapa haturuhusiwi kupiga kelele. Hapa ni kwake, sisi ni wageni."

Mama mkwe akamgeukia. "Na yeye alipokuja kwangu alipiga hodi?"

Kijana hakuwa na jibu. Nadhani kwenye mafunzo yao hawakufika huko. Tembo alitutazama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu mno, akakunja masikio, akang'oa fungu jingine la majani, akalikung'uta gotini. Mama mkwe akaketi, akatengeneza kilemba. Alionekana mtu aliyemaliza shughuli iliyomleta. Shemeji, bingwa wa picha 40 za jani, hakupiga hata moja. Anasema mikono ilikuwa inatetemeka.

Tulitoka getini jua likizama, tukiwa na msururu wa koo nyingine zote. Kwenye barabara kuu mwendo ni wa taratibu kwa lazima, na matuta yapo ya kukukumbusha, kwa hiyo twiga wa bure tuliwaona tena, karibu kuliko asubuhi, pamoja na nyati. Nilikuwa nimepanga nifumbe macho kwa kanuni, lakini nilitazama. Mama mkwe alishukia kwake Doma na mabaki ya pilau kwenye hotipoti, akatuombea safari njema, akamwambia mke wangu kwa sauti niliyoisikia kwamba mkwe ni mtu mzuri ila anakaa vibaya kwenye gari, kila mara anaanguka.

Sasa ni wiki ya pili tangu turudi na kundi la WhatsApp halijatulia. Shemeji amelibadilisha jina. Linaitwa "Ngorongoro Desemba", na chini yake ameorodhesha majina na michango. Anasema kule kuna kifaru, na Costa haishuki kreta, kwa hiyo itabidi tukodi magari mawili yenye nguvu za miguu minne, msimu wenyewe wa sikukuu, bei zimesimama. Mbele ya jina langu ameweka alama ya vema na kiasi ambacho sikumbuki kukitamka. Mbele ya jina la mama mkwe ameandika "kimelipwa chote". Nilipiga simu kuuliza amelipa kwa kitu gani, kwa sababu naijua hali ya shamba lile, nikaambiwa amelipa kwa ujumbe wa sauti: waandike jina lake, na mkwe wake atamalizia.